Polifenoli: kipi ununue kwanza, kipi ukiache rafuni

Ukakasi unaobaki ulimini baada ya chai nzito, uchungu wa kakao isiyo na sukari, mwasho wa koo ukionja mafuta mabichi ya zeituni: hizo ndizo polifenoli zenyewe. Mmea huzitengeneza ili kujikinga na wadudu, ukungu na jua kali. Zikifika kinywani, baadhi yake hushikana na protini za mate, ndiyo maana ulimi hukwaruza. Shida ya mnunuzi inaanzia hapo hapo. Wateja wengi hawapendi uchungu, basi kiwanda huuondoa kwa kukaanga, kusafisha au kutia magadi, au huufunika kwa sukari. Jina la mmea kwenye pakiti halitoshi. La kuuliza ni mmea huo umepitishwa wapi tangu ulipovunwa.

Orodha hii imepangwa kwa maswali matatu: kiasi gani kinabaki mpaka mdomoni, kuna ushahidi gani kwa binadamu, na ni madhara gani yanayokuja pamoja nacho. Wingi kwa kila gramu 100 haukupewa uzito mkubwa. Kwa kipimo hicho karafuu hushinda kila kitu, zaidi ya gramu 15, lakini nani anakula gramu 100 za karafuu? Vivyo hivyo, puuza pakiti inayojisifu kwa alama za ORAC, yaani kipimo cha maabara cha nguvu ya kuzuia oksidi. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa jedwali lake la alama hizo mwaka 2012, kwa sababu kipimo cha maabara kilikuwa kikitumika kuuzia watu virutubisho ilhali hakisemi kinachotokea mwilini. Sehemu kubwa ya polifenoli haifyonzwi kwenye utumbo mwembamba. Hufika utumbo mpana, na bakteria wa huko ndio wanaozivunjavunja.

1. Unga wa kakao usiotiwa magadi

Hiki ndicho cha kwanza, na sababu yake inapimika. Kakao ina flavanoli, ambazo ni aina ya polifenoli, na Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilikubali mwaka 2012 kwamba miligramu 200 kwa siku husaidia mishipa ya damu kutanuka inavyotakiwa. Utafiti mkubwa wa COSMOS wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2022, uliwapa watu wazima vidonge vyenye miligramu 500 za flavanoli za kakao au vidonge vitupu. Waliokuwa ndani ya utafiti walikuwa 21,442. Jumla ya matukio ya moyo na mishipa haikupungua kwa kiwango cha kuaminika. Vifo vya maradhi hayo vilikuwa pungufu kwa asilimia 27, ila hilo halikuwa swali kuu la utafiti. Kwa hiyo ni dokezo zuri, si tiba.

Sasa angalia magadi yanavyofanya. Kakao nyingi hupitishwa kwenye alikali ili iwe nyeusi, laini na isiyo chachu. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2008 vilikuta wastani wa miligramu 34.6 za flavanoli kwa gramu katika kakao ya asili. Iliyotiwa alikali kidogo ilikuwa na 13.8, ya kati 7.8, na iliyotiwa nyingi 3.9. Yaani miligramu 200 unazipata kwa takriban gramu 6 za unga wa asili, kama kijiko kimoja cha mezani, au kwa zaidi ya gramu 50 za ule mweusi. Bei kwenye rafu inaweza kuwa ile ile.

Kuutambua si kazi. Geuza pakiti usome viambato: ukiona "processed with alkali", "Dutch process", E500 au E501, rudisha. Ukiwa tayari nao nyumbani, uonje mkavu kwenye ncha ya ulimi. Wa asili ni wa kahawia hafifu, una uchachu na hukausha mdomo. Uliotiwa magadi ni mweusi zaidi na ladha yake imetulia mno. Usidanganywe na weusi ukadhani ndio ukali.

Unga huu hufanya madonge kwa sababu ya mafuta yake. Tia kijiko kwenye kikombe, ongeza maji ya moto kidogo tu, koroga mpaka uwe rojo zito, kisha ndipo ujaze. Na usiusage pamoja na ndizi mbivu. Kimeng'enya kile kile kinachoifanya ndizi iliyokatwa igeuke nyeusi huharibu flavanoli: katika utafiti wa mwaka 2023, waliokunywa mchanganyiko wenye ndizi walikuwa na flavanoli pungufu kwa asilimia 84 mwilini kuliko waliomeza kidonge chake.

Tahadhari moja: mkakao hufyonza kadimiamu kutoka kwenye udongo. Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa miligramu 0.6 kwa kilo ya unga unaouzwa kwa mlaji. Kijiko kimoja kwa siku kinatosha; usilundike vijiko vinne ukidhani faida itazidi mara nne.

2. Mafuta ya zeituni ya daraja la kwanza

Tunazungumzia yale ya "extra virgin" tu, yaliyokamuliwa bila kemikali na yenye asidi huru isiyozidi asilimia 0.8. Yaliyoandikwa "light" si mepesi kwa mwili, kalori zake ni zile zile. Ni mafuta yaliyosafishwa kiwandani, na polifenoli nyingi zimekwenda na usafishaji huo.

Sheria ya Ulaya inaruhusu chupa kudai kwamba polifenoli zake hulinda mafuta ya kwenye damu yasioksidike endapo kila gramu 20 zina angalau miligramu 5 za haidroksitairosoli, polifenoli ya zeituni, na jamaa zake. Dai hilo likiwepo, lina maana kuliko picha ya shamba. Ushahidi mwingine unatoka Hispania: utafiti wa PREDIMED wa mwaka 2013 ulikuta matukio ya moyo na kiharusi yakiwa pungufu kwa karibu asilimia 30 kwa waliopewa mafuta haya pamoja na mlo wa Mediterania. Ulibidi uchapishwe upya mwaka 2018 kwa sababu baadhi ya washiriki hawakugawanywa kwa nasibu ipasavyo. Matokeo yalibaki karibu yale yale, ila usiyanukuu kama msahafu.

Dukani tafuta tarehe ya mavuno, si ya mwisho wa matumizi pekee, na chupa nyeusi au kopo. Chupa inayopitisha mwanga iliyokaa chini ya taa imeshapoteza. Nyumbani, mimina kijiko cha chai, mezea polepole na usubiri sekunde kadhaa. Koo likiwasha hata ukakohoa, hiyo ni oleokanthali, polifenoli nyingine ya zeituni, na umepata mali. Mafuta yanayoteleza bila kusema kitu hayana mengi ya kutoa. Kuyaweka kwenye friji uone kama yataganda hakuthibitishi ubora wowote. Nunua chupa ndogo utakayoimaliza ndani ya miezi miwili hivi baada ya kuifungua, na mimina kiasi juu ya chakula kilichokwisha iva, maana moto mrefu hupunguza polifenoli.

3. Chai ya majani, kijani au nyeusi

Ya kijani hupashwa moto mapema ili vimeng'enya vife, kwa hiyo katekini zake, yaani polifenoli za jani la chai, hubaki. Nyeusi huachwa ioksidike, na katekini hugeuka kuwa tiaflavini na tiarubijini. Hazijapotea, zimebadilika. Chagua unayoipenda, kwani utakayokunywa kila siku ndiyo yenye maana.

Gramu 2 kwa mililita 200, dakika tatu hadi nne. Maji ya nyuzi 80 huifanya ya kijani isiwe chungu sana. Yanayochemka hutoa polifenoli zaidi pamoja na uchungu wake. Mifuko ya chai haina ubaya. Chai ya chupa ndiyo ya kuepuka: katekini huoza zikikaa muda mrefu majini, na kinachobaki mara nyingi ni sukari.

Makosa mawili ya kawaida. La kwanza ni kuinywa na mlo. Polifenoli zake hushika madini ya chuma yatokanayo na mimea, na ufyonzaji unaweza kushuka kwa zaidi ya nusu. Mjamzito au mwenye upungufu wa damu asubiri saa nzima baada ya kula. La pili ni kuinywa ikiwa moto mkali: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka 2016 liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula.

4. Kahawa

Asidi ya klorojeniki, polifenoli kuu ya kahawa, hupungua kadiri buni inavyokaangwa, basi chukua iliyokaangwa kidogo au kwa wastani. Ichuje kwa karatasi. Bila hivyo kafestoli, iliyomo kwenye mafuta ya kahawa, hupita na kupandisha kolesteroli.

5. Beri nyeusi na za buluu, zilizogandishwa

Kugandisha hutunza rangi yake, nayo rangi ndiyo antosiyanini, polifenoli za beri. Hazina ubaya kuliko mbichi zilizosafirishwa wiki nzima, na hazikuozei. Tikisa mfuko: zikilia moja moja ni sawa, zikiwa bonge moja, ziliyeyuka zikagandishwa tena. Juisi yake iliyochujwa imeacha ganda, na ganda ndilo lenye mali.

6. Chokoleti nyeusi

Asilimia 70 inataja kakao yote, mafuta yake yakiwemo, haitaji flavanoli. Soma viambato kama ulivyofanya kwa unga. Ni kitafunwa kizuri, lakini unalipia sukari na mafuta kupata kilichomo kwenye kijiko cha nambari moja.

Vya kuviacha

Mvinyo mwekundu unauzwa kwa jina la resveratroli, polifenoli ya ganda la zabibu, lakini lita moja ina miligramu chache tu, na Shirika la Afya Duniani lilitangaza Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya.

Vidonge vya dondoo la chai ya kijani ni vya kuogopwa zaidi. Miligramu 800 au zaidi za EGCG, katekini kuu ya chai ya kijani, kwa siku kutoka kwenye virutubisho zimehusishwa na dalili za kuumia kwa ini, hasa vikimezwa tumbo likiwa tupu. Lebo ikisema "dondoo miligramu 1,000" bila kutaja EGCG ni ngapi, iache. Anayevitumia tayari akiona macho yamegeuka manjano au mkojo umekuwa mweusi, aache siku hiyo hiyo na aende hospitali na chupa yake mkononi.