Laki Tano na Nusu Mfukoni: Kwa Nini Nimechukua ThinkPad T480 ya Mtumba

Assalamu alaikum, ndugu watazamaji, na karibuni tena hapa Tanga. Kabla sijatamka bei, naomba mtazame mikono yangu. Hii ni Lenovo ThinkPad T480, kompyuta mpakato, imewaka, video inacheza kwenye skrini, na chaja nimeiacha kule juu ya kitanda makusudi, ili asitokee mtu wa kusema kwamba kuna waya umefichwa. Ninaiinamisha hivi, ninasukuma vikomeo hivi viwili vya chini, na betri imetoka. Ninaiweka mezani mbele yenu. Video bado inacheza, sauti haijakatika, na pale pembeni panaonekana asilimia 88. Hiyo ni betri ya pili, iliyo ndani, ambayo haionekani kwa nje. Nitaiacha mashine hivi hivi, bila chaja na bila betri ya nje, mpaka tumalize mazungumzo, na nitakuwa nikiwasomea hizo asilimia.

Mnaonifuatilia siku zote mtakuwa mmegundua kwamba kabla ya video iliyopita nilikaa wiki tatu bila kuweka video yoyote. Kompyuta yangu ya zamani, ambayo nimeihariria karibu kila kitu mlichokiona kwenye chaneli hii, ilizima usiku mmoja na haikuwaka tena. Nilimpelekea fundi wa Ngamiani, mzee ambaye huwa hasemi sana, akaipima, akaifunika, akaniambia, "Kijana wangu, ubao mkuu umekufa. Nikikutafutia mwingine ni laki mbili na nusu, na dhamana sikupi." Nilimlipa ya upimaji, nikamwomba anitolee SSD, yaani diski yenye kazi zangu, nikaondoka. Mfukoni nilikuwa na laki tano na nusu, na ilikuwa lazima zinunue mashine, si kuanzisha safari ya kukopa.

Sasa, kwa kiasi hicho mtu anaweza kuingia dukani akatoka na kompyuta mpya kabisa, ndani ya boksi, yenye harufu ya kiwandani, na mimi mwenyewe nilikaribia kufanya hivyo. Nilipoigeuza boksi nikasoma: prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ni Celeron iliyo dhaifu; RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni GB 4; na hifadhi ya faili ni ya aina ya eMMC, GB 64. Windows 11 yenyewe inadai RAM isiyopungua GB 4 na hifadhi isiyopungua GB 64, maana yake mashine hiyo inaanza maisha ikiwa imesimama kwenye kizingiti, na sasisho moja au mawili makubwa yatakufanya uanze kufuta picha za harusi ili upate nafasi. Ningeweza kuvumilia unyonge wake. Kilichonirudisha nyuma ni kwamba eMMC huchomelewa kwenye ubao, na katika mashine nyingi za bei hiyo RAM nayo huchomelewa, kwa hiyo siku kitu kimoja kikifa, umefiwa na kompyuta nzima. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye msiba wa namna hiyo wiki hiyo hiyo.

Nikahamia kwenye mitumba, na huko kuna jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa prosesa za Intel Core, inataka kizazi cha nane, yaani toleo la nane, kwenda juu. Ndiyo maana maofisi ya huko nje yanazitupa mashine za kizazi cha saba na cha sita kwa wingi, na ndiyo maana huku kwetu zimejaa kwenye makabati kwa bei inayokufanya utabasamu. Tatizo ni kwamba T470, ambayo ni ya vizazi hivyo vya zamani, na T480 zinafanana kama pacha, rangi ile ile, umbo lile lile, kiasi kwamba mtu asiyezizoea hawezi kuzitofautisha akiwa mbali. Usiishie kwenye jina lililo pembeni ya skrini, kwa sababu hata kwenye T480 zilikuwapo zilizotoka kiwandani na prosesa za kizazi cha saba. Fungua mipangilio, tafuta sehemu inayoeleza mfumo, usome namba ya prosesa. Ukiona i5-8250U au i5-8350U, hiyo ni ya kizazi cha nane na ina viini vinne, yaani sehemu nne zinazogawana kazi. Ukiona i5-7200U au i5-7300U, hiyo ina viini viwili, na kama ni wewe unayehariri video utajuta. Kama kazi yako ni kuandika barua na kutuma maombi ya kazi, basi ya kizazi cha saba uiwekee Linux Mint, mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows, na utakaa nayo kwa amani, lakini ulipe bei ya kizazi cha saba.

Asilimia 85. Turudi kwenye hii betri, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niitoe pochi.

Lenovo mpangilio huu waliuita Power Bridge. Kuna betri ya ndani ya saa-wati 24 (saa-wati ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba), halafu kuna hii ya nje ambayo ilitengenezwa kwa ukubwa wa aina tatu: saa-wati 24, 48 na 72. Hii yangu ni ya 48. Mnaona ilivyo na nundu? Nikiirudisha kwa muda, ngojeni, imeingia, vikomeo vimelia, sasa tazameni mashine inavyoinuka kwa nyuma. Mwanzoni nundu hii niliichukia kwa sababu haikai vizuri kwenye begi, lakini baada ya wiki moja nimeona kwamba hewa inapita vizuri chini yake, na kwa joto la hapa Tanga, ambapo feni ya dari inapuliza hewa ya moto tu, hilo ni jambo la kushukuru. Naitoa tena. Mashine haijashtuka. Kompyuta ikiwa nje ya chaja, hula kwanza betri ya nje, na ile ya ndani huachwa akiba. Kwa hiyo ya nje ikikaribia kuisha, unaitoa, unapachika nyingine iliyojaa, na kazi yako haikatiki. Nyingine bado sina, lakini juzi umeme ulipokatika saa mbili usiku nikiwa katikati ya kuhamisha faili kwenye flashi, niliitoa hii na kuirudisha gizani kwa kupapasa tu, na faili zikafika salama.

Naomba nisiwadanganye, hata hivyo, kwamba betri za mtumba ni nzima. Fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport, bonyeza kitufe cha kuingiza, na kompyuta itakuhifadhia faili lenye ripoti. Ndani yake utaona uwezo ambao betri ilizaliwa nao na uwezo uliobaki. Yangu ya nje ilizaliwa na saa-wati 48, sasa imebakiwa na 31, na ya ndani kati ya 24 imebakiwa na 20. Jumla ni 51. Kwa kazi ya kuandika, ambapo mashine hii inatumia takriban wati 8, hizo ni saa sita na ushei. Muuzaji alikuwa ameniahidi saa kumi. Nilipomwonyesha ripoti alinyamaza kidogo, akasema, "Kaka, wewe umekuja na mtihani," na bei ikaanza kushuka palepale. Ripoti hiyo haikugharimu hata senti, na bila hiyo ungeambiwa tu kwamba "betri iko poa" na ungetakiwa kuamini.

Kuna wanaoniandikia kwamba HP EliteBook 840 G5 ni nzuri zaidi, nami sitabishana sana. Ina gamba la nje la alumini, spika zake zinazizidi za hii kwa mbali, ina nafasi mbili za RAM kama hii, na prosesa ni zile zile za kizazi cha nane. Dell Latitude 7490 nayo iko kwenye kundi hilo. Kusema kweli, kama ningekuwa naishi kwenye nyumba ambayo umeme haukatiki, leo ningekuwa nawaonyesha EliteBook. Ila betri zao zote mbili ziko ndani. Na mkitaka kubaki na ThinkPad, jihadharini na herufi na namba, kwa sababu T480s na T490, ambazo zinaonekana za kisasa zaidi, zina betri ya ndani peke yake, na sehemu ya RAM yake imechomelewa ubaoni, imeachwa nafasi moja tu ya kuongeza. Muuzaji atakwambia kwamba T490 ni "mpya zaidi", na atakuwa hajasema uongo.

Sasa kinachoniudhi. Skrini. Hii yangu ni ile ya daraja la chini, nukta 1366 kwa 768, paneli ya TN, aina ya bei nafuu, na naomba nisogeze kamera mwone wenyewe. Nikiwa nimekaa mbele yake, picha inapendeza kiasi. Nikiinuka kidogo, nyeusi inakuwa kijivu. Nikihamia pembeni, sura ya mtu inageuka kama picha iliyoloweshwa. Kuhariri rangi za video kwenye skrini hii ni kujidanganya, na video yangu iliyopita, ambayo wengi mlisema nimekuwa mwekundu kama ungo uliopakwa rangi, ilihaririwa hapa. Zipo T480 zenye skrini ya IPS, aina ambayo rangi zake hazigeuki hivyo ukihamia pembeni, ya nukta 1920 kwa 1080, na kwenye kabati la duka lile lile ilikuwapo moja, ikanizidi bajeti kwa elfu sitini. Sikuichukua. Nyinyi ichukueni. Mimi kwa sasa naunganisha waya wa HDMI kwenye televisheni ya sebuleni, na mama akitaka kuangalia taarifa ya habari, nafunga kazi.

Asilimia 79, na video bado inacheza.

Kuna maswali ambayo mtu wa Tanga anapaswa kuyauliza zaidi ya mtu wa Dodoma. Sisi tunakaa na bahari, na chumvi inaingia kila mahali. Kama mashine imekaa muda mrefu dukani karibu na upepo wa pwani, tazama vichwa vya skrubu za chini na midomo ya USB. Ukiona kutu, ujue kwamba ndani nako si salama. T480 huchajiwa kupitia USB-C, na ina matundu mawili ya namna hiyo, kwa hiyo chomeka chaja kwenye la kwanza, kisha kwenye la pili, utikise waya taratibu uone kama chaji inakatika, kwa sababu matundu hayo yamechomelewa kwenye ubao mkuu na kuyabadilisha si kazi ndogo. Kisha izime, iwashe huku ukibonyeza F1, uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguka kabla ya Windows. Ukiombwa nywila ambayo muuzaji haijui, mrudishie mashine yake kwa heshima na utoke, hata kama ameshaanza kukuitia soda.

Kuhusu bei, nitawaeleza yangu mimi, msiende kumshikia mtu shati kwa sababu yake. Ilianzia laki tano. Ripoti ya betri na skrini vikaiteremsha mpaka laki nne na sabini. Ndani yake kulikuwa na SSD ya GB 128 ya inchi mbili na nusu. Nikamwambia abaki nayo, kwa kuwa ya kwangu ya GB 480 iliyotoka kwenye marehemu ni ya umbo lile lile na inaingia kwenye kiota kile kile, akapunguza elfu ishirini na tano. RAM ya zamani haikunifaa, kwa sababu ilikuwa DDR3L, aina ya zamani, na hii inataka DDR4, na hata kijipengo kilichokatwa kwenye kipande hakilingani na kiota chake, hivyo usijaribu kuilazimisha. Nikanunua kipande cha GB 8 kwa elfu hamsini na tano, nikakiweka pamoja na GB 8 iliyokuwamo, zikawa 16. Jumla ni laki tano kamili. Elfu hamsini iliyobaki ndiyo mwanzo wa betri ya saa-wati 72.

Mtazamaji mmoja aliniuliza kwa nini sikwenda Kariakoo, ambako huenda ningeipata kwa pungufu. Huenda. Lakini nauli ya kwenda Dar es Salaam na kurudi, pamoja na chakula cha njiani, ingekula sehemu kubwa ya hicho kilichopungua, na mashine ikileta matata siku ya nne, ni nauli nyingine. Huyu muuzaji wangu wa hapa Ngamiani amenipa siku saba za kuirudisha, na naweza kumfikia kwa baiskeli kabla ya adhuhuri.

Tangazo moja dogo: kuanzia wiki ijayo video zitatoka Jumamosi jioni badala ya Ijumaa, kwa sababu ya foleni ya televisheni niliyoitaja. Video inayofuata nitafungua kifuniko cha chini, kwa bisibisi moja tu, niwaonyeshe jinsi ya kuongeza RAM, na nitaanza kwa kuzima betri ya ndani kupitia BIOS, hatua ambayo wengi wanairuka. Kama mmeshanunua T480 hapa Tanga, niandikieni bei na aina ya skrini mliyopata.

Naona imefika asilimia 73. Betri ya nje hiyo hapo mezani, naipachika. Imelia. Chaja bado iko kitandani.