Uchambuzi: CameraX na Play Console kwa anayetengeneza programu ya picha peke yake Kampala

Karibuni, ndugu watazamaji. Bidhaa ninayoichambua leo haina boksi la kufungua. Ni vifaa viwili vya Google ambavyo msanidi wa programu za simu, anayefanya kazi peke yake bila kampuni nyuma yake, atavitegemea tangu anapoandika mstari wa kwanza wa msimbo wa kamera hadi mtu asiyemfahamu anapoipakua kazi yake: maktaba ya CameraX, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa wa kuendesha kamera ya simu za Android, na tovuti ya Play Console, ambako msanidi huiweka programu yake kwenye duka la Google Play. Nitavipima kwa programu moja ndogo niliyoijenga mwenyewe, ambayo iko kwenye simu hizi mnazoziona mezani, na kazi yake ni kupiga picha za pasipoti na kuzipanga kwenye karatasi moja tayari kwa kuchapishwa. Hapa Uganda picha hizo hazina msimu, kwa maana shule inazitaka, SACCO inazitaka, mwajiri anazitaka, na mwanafunzi anayetafuta hosteli jirani na Makerere naye huambiwa alete mbili.

Nauweka msimamo wangu wazi mapema. CameraX inastahili sifa zaidi ya zile inazopewa, Play Console ina masharti mazito ambayo mengi yana maana, na pale ambapo msanidi wa hapa kwetu hukwama hasa ni kwenye fedha, si kwenye msimbo.

Kwa nini Android na si iPhone? Usajili wa msanidi kwa Apple ni dola 99 kila mwaka, na unahitaji kompyuta ya Mac ili kuijenga programu yenyewe, ilhali Google hutoza dola 25 mara moja tu na kompyuta yoyote yenye nguvu ya kutosha inafaa. Zaidi ya hayo, ingia kwenye teksi yoyote (basi dogo la abiria) inayotoka kituo cha Old Taxi Park uangalie mikononi mwa abiria: utaona Tecno, itel na Infinix, na hao ndio wateja wa picha za pasipoti.

Sasa tuje kwenye CameraX. Kabla yake msanidi alikuwa na Camera2, iliyokuja na Android 5.0 mwaka 2014, yenye uwezo mkubwa lakini yenye kumtaka mtu aandike mamia ya mistari ili kioo cha simu kionyeshe tu kile kamera inachokiona, kisha aanze kurekebisha tabia za simu moja moja, kwa kuwa kila mtengenezaji aliitekeleza kwa namna yake. CameraX ilitangazwa mwaka 2019, na toleo lake la kwanza lililo imara likatoka mwaka 2021. Unaiambia unataka nini, yaani kuonyesha, kupiga picha, au kuchunguza kila fremu inayopita, na yenyewe inafungua na kufunga kamera kadiri mtumiaji anavyoingia na kutoka kwenye programu. Kitu ninachokithamini zaidi ni kwamba ndani yake kuna orodha ya kasoro za aina mbalimbali za simu pamoja na dawa zake, hivyo kazi ambayo mtu mmoja asingeimaliza hata angepewa simu zote za madukani imekwisha kufanywa na wengine.

Tuitazame ikifanya kazi. Nimemweka ndugu yangu mbele ya ukuta mweupe, kama studio zinavyofanya. Angalieni kioo cha itel hii: ukuta umekuwa wa kijivu, na uso umezama gizani kiasi kwamba nyusi hazionekani na mstari wa nywele umepotea. Simu haijaharibika. Kamera hupima mwangaza ikichukulia kwamba mandhari yote kwa pamoja yana mng'ao wa wastani, kwa hiyo ukuta mweupe unapojaa kwenye fremu, inaamua kwamba mwanga umezidi na kuupunguza, na anayelipia uamuzi huo ni mtu mwenye ngozi nyeusi aliyesimama katikati. Programu nyingi za picha za pasipoti hazina habari na jambo hili, na ndiyo maana ninalipa uzito kuliko kipengele kingine chochote.

Dawa yake ina hatua mbili. Kwanza, kitambuzi cha uso kinachofanya kazi ndani ya simu kinatoa mahali ulipo uso, kisha CameraX inaagizwa ipime mwangaza katika sehemu hiyo tu. Ninabonyeza hapa, na mnaona kwamba uso umefunguka na ukuta umekuwa mweupe kabisa, jambo ambalo katika picha ya mandhari lingekuwa kosa lakini katika picha ya pasipoti ndilo linalotakiwa. Pili, zipo simu za bei nafuu ambazo kamera zake hazikubali kupima mwangaza katika sehemu moja, na hapo ndipo ninapoisifu maktaba hii, kwa sababu inakuruhusu kuiuliza simu kwanza kama inaweza kabla ya kuiamuru. Ikijibu kwamba haiwezi, unaongeza mwangaza wa picha nzima kidogo kidogo, ndani ya mipaka ambayo simu yenyewe imeitaja, mpaka uso ufike pale unapotaka. Matokeo hayalingani na ya njia ya kwanza, ila mteja haoni aibu kuipeleka picha hiyo ofisini.

Lipo dogo la kutaja kuhusu kamera ya mbele. Kioo cha simu hukuonyesha kama unavyojiona kwenye kioo cha kujitazamia nyumbani, lakini faili linalohifadhiwa, kwa mpangilio wa kawaida wa CameraX, halijageuzwa. Watu watakulalamikia kwamba sura si yao. Usiwasikilize, kwa sababu picha ya kitambulisho inapaswa kumwonyesha mtu kama wengine wanavyomwona.

Mahali ambapo CameraX haikusaidii ni kwenye kumbukumbu ya simu. Picha ya megapikseli 13 inaweza kuwa na pikseli 4160 kwa 3120, na kila pikseli inapofunguliwa ili ihaririwe huchukua baiti 4, hivyo faili lililokuwa na megabaiti chache kwenye hifadhi linageuka kuwa takriban megabaiti 52 ndani ya RAM. Ukilifungua mara mbili kwa wakati mmoja, la asili na lililohaririwa, katika simu yenye RAM ya gigabaiti 2 ambayo WhatsApp tayari imejikalia humo, programu inafungwa ghafla bila kuaga. Na hakuna haja ya ukubwa huo wote! Picha ya milimita 35 kwa 45 ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji takriban pikseli 413 kwa 531, kwa hiyo kata uso kwanza, punguza ukubwa, ndipo uhariri. Karatasi ya inchi 4 kwa 6 ina pikseli 1200 kwa 1800, na ukiilaza zinaingia picha 4 kwa safu 2, yaani 8, na kunabaki nafasi ya mkasi. Ukiisimamisha zinaingia 6 tu, na nimeona programu zinazolipiwa ambazo hazijalifikiria hilo.

Ukubwa wa programu yenyewe nao ni gharama ya mteja. Kitambuzi cha uso cha Google kinaweza kufungashwa ndani ya programu na kuongeza karibu megabaiti 7, au kikashushwa baadaye kupitia huduma za Google zilizomo kwenye simu na kuongeza chini ya megabaiti moja. Katika nchi ambayo kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku iliondolewa mwaka 2021 na mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya bando la intaneti, mtu huangalia ukubwa kabla ya kubonyeza kitufe cha kupakua. Hata hivyo mimi nimechagua kukifungasha, kwa sababu anayeifungua programu kwa mara ya kwanza bando lake likiwa limekwisha atakuta kila kitu kinafanya kazi.

Tuhamie Play Console. Sharti linalozungumzwa zaidi ni hili: mwenye akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 haruhusiwi kuitoa programu kwa umma mpaka awe na watu wasiopungua 12 walioikubali kwa majaribio na kubaki humo siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa 20, na idadi ikapunguzwa mwezi Desemba 2024. Wasanidi wengi hulichukulia sharti hili kama usumbufu, wakatafuta makundi ya WhatsApp ambako wageni hujaribiana programu kwa kubadilishana na hakuna anayezifungua. Kwa programu ya picha huko ni kujinyima. Wachague watu wako kwa simu wanazomiliki, si kwa urafiki: mwenye Tecno ya miaka mingi, mwenye Samsung mpya, mwenye simu iliyopasuka kioo aliyeko Arua ambako mtandao unakatika, na kwa vyovyote mwenye studio mmoja ambaye hupiga picha za pasipoti kutwa nzima, kwani huyo atagundua kabla ya wote kwamba kidevu kimekatwa. Waongeze wachache juu ya 12, kwa sababu mmoja akijitoa katikati idadi inapungua na hesabu ya siku inavurugika. Andika wanachokuambia, kwa kuwa unapoomba ruhusa ya kutoa programu kwa umma Google hukuuliza wajaribu walisema nini na ulibadilisha nini.

Kuhusu ruhusa, programu hii inaomba moja tu, ya kamera. Tangu Android 10 inawezekana kuhifadhi picha kwenye matunzio bila kuomba ruhusa ya kuingia kwenye hifadhi, na mtumiaji akitaka kutumia picha ya zamani, Android ina kichaguzi chake kinachoipa programu picha ile aliyoigusa tu, si albamu nzima. Sera ya duka inazibana programu zinazotaka kuona picha zote bila sababu ya msingi, nami naiunga mkono. Utatakiwa pia kuweka ukurasa wa faragha na kujaza fomu ya usalama wa data. Fomu hiyo ni ndefu na inachosha, lakini kama picha haitoki kwenye simu, majibu yake mengi ni hapana. Ukiamua kuzipeleka nyuso za watu kwenye seva, fahamu kwamba Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, inayodai ridhaa ya mwenye data, na kwa mtoto ridhaa ya mzazi au mlezi, na kwamba anayekusanya data anapaswa kujisajili kwa ofisi inayosimamia sheria hiyo. Picha za wanafunzi wa shule ya msingi ni nyuso za watoto, kwa hiyo msichukulie jambo hili kwa wepesi.

Lugha ni kazi ya jioni moja. Maneno yote ya kwenye vitufe yakikaa kwenye faili lake, unaongeza la Kiswahili na la Luganda kando ya la Kiingereza, na simu inachagua yenyewe kulingana na mipangilio ya mtumiaji.

Nimefika kwenye fedha. Google huchukua asilimia 15 ya dola milioni moja za kwanza za mapato ya msanidi kwa mwaka, kiwango ambacho sioni sababu ya kukilalamikia. Ugumu ni kwamba bidhaa ya kidijitali inayouzwa ndani ya programu, kama vile kuondoa alama ya maji (alama hafifu inayowekwa juu ya picha) au kufungua vipimo vya picha za viza, kwa kanuni ya jumla inatakiwa kulipiwa kupitia mfumo wa malipo wa Play, wakati mteja wako wa Wandegeya hana kadi ya benki na fedha zake ziko kwenye simu, yaani MTN MoMo au Airtel Money. Huwezi kumwekea namba yako ya MoMo ili afungue kipengele. Hapo ndipo nilipoacha kuuza kipengele chochote.

Kanuni hizo hizo zinasema kwamba bidhaa ya kushikika hailipiwi kwa mfumo wa Play, na karatasi yenye picha 8 ni bidhaa ya kushikika. Programu ikabaki bure kabisa, bila matangazo, na ndani yake kuna kitufe kimoja cha kuagiza uchapishaji: faili linakwenda kwa mwenye mashine ya kuchapisha Nasser Road, mtaa wa wachapishaji hapa Kampala, likiwa na ubora wake wote, tofauti na picha iliyotumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, ambayo hubanwa njiani, na mteja analipa kwa simu yake. Kitufe hicho ndicho pekee kinachoitoa picha nje ya simu, kwa hiyo ridhaa inaombwa hapo hapo, na fomu ya usalama wa data lazima ikitaje.

Kwa atakayefuata njia hii, MTN ina tovuti ya wasanidi wa MoMo yenye mazingira ya majaribio ambako unatuma ombi la malipo bila fedha halisi kutembea. Mazingira hayo hutumia sarafu ya euro peke yake, kwa hiyo usishangae ombi la shilingi likikataliwa huku msimbo wako ukiwa sahihi. Iweke sarafu kwenye faili la mipangilio, si katikati ya msimbo, na siku ya kuhamia kwenye mfumo halisi ubadilishe iwe UGX, yaani shilingi ya Uganda, kabla mteja wa kwanza hajaletewa bili ya euro 5,000 kwa karatasi moja ya picha.