Uzoefu wangu wa kufunga turbo kwenye injini isiyozaliwa nayo

Ni miezi 14 na kilomita 11,000 tangu nifunge turbo kwenye gari langu, na sasa naona ninaweza kutoa maoni yasiyotokana na msisimko wa siku ya kwanza. Gari ni la petroli, lina injini ya lita 1.8 yenye silinda nne na gia za mkono, na lilitoka kiwandani bila turbo. Sikuwa na mpango wa mashindano. Nilichotaka ni gari lisiloishiwa pumzi mlimani likiwa na abiria wanne. Nilinunua seti iliyouzwa kwa jina la "kamili", yaani turbo, manifoldi (bomba linalokusanya moshi wa silinda zote), intakula (kipoza hewa iliyoshindiliwa) na mabomba yake, mipira ya silikoni, klampu na laini za oili, na maelezo yake yaliahidi kwamba fundi mzoefu angeimaliza kwa siku mbili. Mimi na fundi wangu tulitumia siku tisa.

Turbo yenyewe sina ugomvi nayo. Wazo lake ni lile lile ambalo mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alilisajilia hataza mwaka 1905: moshi wa injini, ambao vinginevyo ungepotea bure kupitia ekzosi, unazungusha gurudumu dogo lenye mapanga, na gurudumu hilo linazungusha jingine, lililo kwenye shafti hiyo hiyo, ambalo hushindilia hewa kuelekea kwenye silinda. Shafti hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika huku ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Kabla ya kuifunga niliishika kwa vidole nikaisukuma mbele na nyuma, na haikucheza hata kidogo; kwa pembeni ilikuwa na mchezo mdogo, jambo la kawaida kwa turbo za aina hii zinapokuwa kavu. Mapanga yalikuwa safi na hayakugusa ganda popote. Kwa upande huo muuzaji alinipa kitu chenye hadhi.

Udhaifu wa seti hii uko kwenye mafuta. Hewa ikiongezeka ndani ya silinda, petroli lazima iongezeke kwa uwiano ule ule au zaidi, na walichoweka kwenye boksi kwa ajili hiyo ni kifaa kimoja tu cha kupandisha presha ya petroli kila turbo inaposhindilia. Fundi wangu alikitazama, akakirudisha kwenye boksi bila kusema neno. Tulipochomeka kompyuta kusoma data za injini kabla ya kugusa chochote, nozeli za awali, yaani vinyunyizio vya petroli, zilikuwa tayari zinabaki wazi kwa karibu asilimia 80 ya muda wake gari lilipokanyagwa hadi mwisho. Ukitaka theluthi zaidi ya petroli kutoka kwenye nozeli hizo, hesabu inakataa. Tatizo la pili ni kwamba sensa ya presha ya hewa ya gari hili inasoma hadi presha ya kawaida ya anga tu. Turbo ikianza kushindilia juu ya hapo, kompyuta ya injini inakuwa kama kipofu: haijui kwamba kuna hewa ya ziada, inaendelea kupima petroli ya zamani, mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani petroli inakuwa kidogo mno kwa hewa iliyopo, joto linapanda, na pistoni za kusubu kama zangu hazina uvumilivu na jambo hilo.

Kwa hiyo nililazimika kununua nozeli kubwa zaidi, pampu ya petroli yenye uwezo mkubwa, sensa ya presha inayosoma mara mbili ya ile ya zamani, kompyuta inayoweza kupangwa upya, na geji ya kupima uwiano wa hewa na petroli. Gharama za vitu hivyo pamoja na kazi ya kupanga programu zilizidi bei ya seti yenyewe, na neno "kamili" lililoandikwa kwenye boksi bado linaniudhi hadi leo.

Kabla ya kufungua boliti ya kwanza tulipima mgandamizo wa silinda zote nne, tukapata paundi 185, 182, 186 na 184 kwa inchi ya mraba. Ningepata silinda moja iliyolegea, ningeiacha kazi yote hapo hapo, kwa sababu turbo haiponyi injini iliyochoka, inaimaliza. Kwa kuwa injini hii ina uwiano wa mgandamizo wa 10.5 kwa 1, ilhali injini nyingi za turbo za zamani zilikuwa kati ya 8.5 na 9.5, tulikubaliana turbo isivuke presha ya baa 0.4 juu ya ile ya anga. Plagi tuliweka za ubaridi wa hatua moja zaidi na kupunguza mwanya wake kutoka milimita 1.1 hadi 0.7, ili cheche isizimwe na hewa iliyoshindiliwa.

Kuwasha kwa mara ya kwanza kulikuwa na taratibu zake. Tulimimina oili safi kwenye tundu la turbo, tukachomoa soketi za nozeli, tukazungusha injini kwa stata hadi oili ilipoonekana ikitoka upande wa kurudia, ndipo tukaruhusu petroli. Siku iliyofuata mpangaji wa programu alikaa kiti cha abiria na kompyuta yake mapajani. Injini ikiwa inatembea kwa utulivu alilenga gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli, lakini turbo ikishindilia alishusha hadi kati ya 11.5 na 12, na muda wa cheche aliuchelewesha hadi sensa ya kugonga, inayosikiliza petroli ikilipuka vibaya ndani ya silinda, iliponyamaza kabisa. Mashine ya kupimia nguvu kwenye magurudumu ilionyesha nguvu-farasi 104 kabla ya kazi. Baada yake ilionyesha 138.

Wiki ya pili, gari likiwa limesimama baada ya safari ndefu, lilianza kutoa moshi wa bluu. Ulikuwa mwingi kiasi kwamba aliyeegesha nyuma yangu alishuka kuniuliza kama nahitaji msaada. Niliwasiliana na muuzaji, naye, bila kuuliza swali hata moja, akanijibu kwamba tumeiharibu turbo wakati wa kufunga na kwamba dhamana haihusiki. Niliamini, nikaanza kutafuta turbo nyingine. Fundi wangu hakuamini. Aliingia chini ya gari na tochi, akafuatisha mpira wa kurudisha oili kwa kidole kutoka kwenye turbo kuelekea kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na kidole kikasimama mahali ambapo mpira ulijikunja kuzunguka chuma cha fremu na kubanwa ukawa bapa kama utepe. Oili huingia kwenye turbo kwa presha ya pampu, lakini hutoka kwa kuanguka tu, kama maji ya bati wakati wa mvua. Njia ya kurudia ikibanwa hata nusu, oili hujaa ndani na kutafuta mlango mwingine, na mlango wenyewe ni ekzosi. Mpira wa seti ulikuwa mrefu mno na laini mno. Tuliukata sentimita 12, tukahamisha tundu la kuingilia kwenye sampu ili liwe juu ya usawa wa oili, na moshi ulikwisha baada ya siku mbili, mabaki yalipoungua. Turbo ni ile ile ninayoendesha hadi leo.

Barabarani, chini ya mizunguko 2,500 gari ni lile lile la zamani, na mtu asiyejua hawezi kulitambua. Kuanzia karibu 2,800 husikika mluzi mwembamba, kisha kiti kinakusukuma mgongoni kwa upole lakini bila kuacha, na mlima niliokuwa nikiupanda kwa gia ya tatu sasa naupanda kwa gia ya nne bila kukanyaga hadi mwisho. Petroli haikuongezeka kwa mguu mwepesi. Kwa mguu mzito inaongezeka waziwazi.

Klachi ya awali ilianza kuteleza baada ya kilomita 4,000, nikabadilisha. Waya wa sensa uliopita karibu na turbo ulilainika ganda kwa joto, tukaweka bati la kukinga ambalo nalo halikuwamo kwenye boksi. Oili ninabadilisha kila kilomita 5,000, ya sintetiki, na baada ya mwendo mkali naiacha injini ingurume dakika moja kabla ya kuzima ili shafti isiachwe bila oili ikiwa bado ya moto. Kampuni ya bima niliiarifu kwa maandishi. Ninamshauri kila anayefunga afanye hivyo kabla ya kuingia barabarani.

Ningefunga tena, ila nisingenunua seti. Ningechagua turbo hii hii peke yake, nikaanza na nozeli, kompyuta na mpangaji wa programu, kisha mabomba na laini za oili nikazitengenezesha kwa kipimo cha gari langu. Manifoldi yao ya bati lililochomelewa nisingeigusa: mwezi uliopita, tulipokuwa tukikaza boliti, tuliona ufa mwembamba kama unywele kwenye mshono wa silinda ya tatu. Nimekwisha kuagiza nyingine ya chuma cha kusubu.