TAHADHARI: Huyu muuza mihuri na karatasi asije akawala na nyinyi

Nimepigwa. Mimi, mwenye mdomo mrefu kuliko wote, ninayewafokea wenzangu kila siku "lipa nusu, nusu mzigo ukifika". Nimelipa yote. Na nimelipa yote kwa hiari yangu, tapeli mwenyewe akiwa ameniambia nilipe nusu! Mtacheka mkifika hapo, lakini kwanza nisikilizeni, maana huyu mwanamke bado anauza. Jana usiku nimemwona ameweka picha mpya za mihuri ileile.

Ile oda mnaijua, sina haja ya kuirudia. Visanduku sita vya kutundika ukutani, vyote vya matabaka: majani na ndege wa karatasi, waliopigwa muhuri na kupakwa rangi, wamepangwa mbele na nyuma ndani ya fremu ya kioo. Na mwenye oda mnamfahamu alivyo. Mihuri yangu ya zamani ya mpira haina michoro ya majani ya maana, karatasi nzito zilikuwa zimebaki nne tu, na fundi wa fremu alishamaliza kazi yake: fremu sita, kina sentimita nne, kioo juu, zimepangwa mezani zinanitolea macho. Kwa hiyo nilikuwa na haraka. Hilo nakiri.

Ila sikumwamini kijinga, naomba lieleweke. Nilimhoji. Muuza kanyaboya wa kawaida ukimuuliza wino ni wa aina gani anakujibu "orijino dada" na kopa mbili. Huyu alinieleza kwamba wino wa pigmenti unakaa juu ya karatasi, unachelewa kukauka, na kama nataka kuunyunyizia ule unga wa kuyeyusha kwa moto niwahi ukiwa bado mbichi. Ule mwingine unaozama kwenye karatasi unakauka upesi, lakini kisanduku kikitundikwa panapopigwa na jua, picha itafifia. Yote kweli! Ndiyo maana naumia. Halafu nilipotaja kwamba mimi napiga muhuri kwanza, kisha napaka rangi za maji juu yake, yeye ndiye aliyenizuia: "Basi hiyo pedi ya wino uliyochagua usinunue dada yangu, itachuruzika. Chukua hii." Na hiyo aliyonichagulia ilikuwa ya bei ya chini. Mtu anakataa pesa yako mchana kweupe, wewe utamwita mwizi?

Sasa simu ya video. Hii nimeirudia kichwani hadi nimeichoka.

Ilikuwa saa mbili usiku. Kamera imeelekea mezani, naona mikono tu, kucha fupi zenye madoa ya rangi ya bluu. Nikajisemea, huyu mwenzetu. Akachukua muhuri wa jani la kangaga, ule mkubwa wa plastiki laini inayoona, akauweka kwenye kibao chake. Ukanata wenyewe. Akageuza kibao juu chini, akakitikisa, haukuanguka. Akaugusagusa na pedi, hakuukandamiza, akauinamisha kwenye taa ili nione wino ulivyoenea. Chini ya karatasi akatandika kipande cha sponji laini. Akabonyeza kwa vidole, kona moja baada ya nyingine, bila kuubembeza. Akainua. Jamani! Ule mshipa wa katikati ya jani umetoka, na vile vijino vya pembeni vimetoka kimoja kimoja, unaweza kuvihesabu. Nikasema "mashallah" kwa sauti kabisa. Akacheka. Akachovya brashi kwenye maji, akaipitisha juu ya wino. Haukusogea hata kidogo. Kisha akashika karatasi kwenye kona, akaitikisa karibu na simu, ikalia kwa! kwa! kama bati. "Gramu mia tatu hii," akasema, "hata uioshe haijikunji."

Nikamwomba afungue pakiti moja kati ya zile anazoniuzia mimi, apige muhuri mmoja tu. Akanyamaza kidogo. "Nikiifungua dada yangu hautapokea kitu kipya, na mimi siuzi kilichoguswa." Nikaona aibu kwa kumwomba. Mimi ndiye niliyeona aibu!

Akasema tuma nusu. Nikasema sawa. Dakika kumi baadaye akaniandikia kwamba kuna mteja mwingine anazitaka seti zilezile nne za mihuri na ana pesa yote mkononi, "lakini nimeshakupa neno langu, nakusubiri wewe". Hakuniambia nilipe yote. Hakuniambia! Nilijishtukia tu kwamba namfungia mtu mwema riziki yake. Nikatuma yote. Jina lililotokea wakati natuma halikuwa lake. Nikauliza, akasema ni la shemeji. Nikabonyeza. Tena nikamwandikia, "Asante dada kwa uvumilivu wako." Ujumbe huo ninao, na siufuti, uwe dawa.

Mzigo ulifika umefungwa vizuri kuliko zawadi. Ndani kulikuwa na kadi ndogo ya shukrani iliyopigwa muhuri wa kangaga, safi, vijino vyote vipo. Nimeitundika ukutani ili nisisahau.

Nikafungua seti ya kwanza. Harufu kama ya kandambili mpya. Nikaweka wino: ukajikusanya matonetone juu ya muhuri kama maji kwenye jani la mgomba. Nikasema huu ni ule utelezi wa upya, nikausugua kwa kifutio kama tunavyofanya siku zote, kwa sababu muhuri halisi wa aina hii ukiukwaruza kidogo unaanza kushika wino. Nikasugua, nikaosha, nikachukua hadi msasa laini. Kangaga likatoka kama alama ya kidole chenye mafuta. Na kulizunguka jani kuna kivuli cha wino pande zote, kwa sababu mchoro hauna kina, kwa hiyo kitako cha muhuri nacho kinagusa karatasi. Mtu amechukua muhuri wa watu, akautolea kalibu, akamwaga silikoni, akachapa jina la watu kwenye pakiti. Basi.

Wino nao. Ili nisiuonee nikaujaribu kwa muhuri wangu wa mpira, ule mnaoujua, usiokosea. Nikauacha usiku kucha ukauke. Asubuhi nikapitisha rangi ya kijani iliyochanganywa na maji mengi, taratibu. Weusi wote ukakimbia. Bustani nzima ikawa tope, saa tatu za kazi ndani ya pumzi moja.

Karatasi nilizipima, na hapa angalau mchukue kitu. Gramu za karatasi ni uzito wa mita moja ya mraba, na A4 kumi na sita ni sawa na mita hiyo. Kwa hiyo ukiweka A4 kumi na sita kwenye mizani, uzito unaousoma ndio gramu za karatasi yako. Za mia tatu zisome mia tatu au karibu na hapo. Zangu zilisoma 184! Nikahisi mizani imekufa, nikapima zile zangu nne za zamani peke yake: gramu 75, yaani robo ya mia tatu, sawasawa. Mizani nzima. Na si uzito tu. Ile karatasi haina dawa ya kuzuia maji, inafyonza rangi kama pamba, ukirudisha brashi mara ya pili inatoa nyuzinyuzi.

Haya yote ningeyameza, wallahi. Nimezoea hasara. Nisichoweza kumeza ni tepu.

Tepu ya sponji, ile ya milimita tatu ya kutenganisha matabaka, ndiyo kitu pekee nilichokiona kizima kwenye ule mzigo. Nikaitumia kwenye kisanduku cha kwanza, nikamalizia humo karatasi zangu nne nzuri. Majani ya nyuma nikayabandika kwa gundi moja kwa moja, ya katikati yakakaa juu ya tepu moja, ndege mbele kabisa juu ya tepu mbili. Taa ikipita pembeni kivuli cha bawa kinaangukia majani, na hicho kivuli ndicho tunachokitafutia kazi yote hii. Nikafunga kioo, nikakabidhi, nikapiga na picha, mliiona, mkanipongeza.

Siku ya nne napokea picha kutoka kwa mwenye oda, bila salamu. Ndege yuko chali chini ya fremu, miguu juu, na majani yamemwangukia kichwani. Nyuma imebaki mbingu, majani ya gundi na mistatili ya tepu tupu. Ukafuata ujumbe: "Ndio mtindo wenyewe?"

Sijui niliandika nini kumjibu. Nilikaa sakafuni.

Muuzaji nilimpigia. Mara ya kwanza akasema pole, labda ni joto. Mara ya pili nimetumia vibaya. Mara ya tatu akanizuia. Nikachukua simu ya mdogo wangu, akapokea kwa sauti tamu ileile, "Karibu dada yangu, unatengeneza nini?" Nikaanza kupiga kelele kabla sijapanga hata sentensi moja. Akakata.

Mtu kama huyu haitoshi kumkemea. Afungwe, na huko ndani apewe mkasi butu akate majani ya kangaga kutoka kwenye karatasi zake mwenyewe, asubuhi hadi jioni, na tabaka zishikwe na tepu yake, na zikianguka aanze upya. Shemeji naye, kama yupo, awe anapima. Nasema kwa hasira, lakini sitanii nikisema apelekwe polisi. Nimeshaandika maelezo, ninazo picha za maongezi, muamala, na mihuri yote sijaitupa.

Mtaniuliza dalili. Dalili zilikuwepo, nafikiri. Picha zake zote ni za mbele ya pakiti, nyuma hajawahi kuonyesha hata mara moja, na nyuma ndiko kwenye maandishi yanayomsuta. Rangi zake za tyubu hazina ile namba ya pigmenti, inayotambulisha rangi imetengenezwa kwa nini. Hata ile bluu ya ultramarini, ambayo kila mtengenezaji anayejiheshimu anaandika PB29, yake imeandikwa "Blue" tu. Jina la kupokelea pesa, hilo nimeshasema. Wanaomsifu wote wanasifu ufungaji na upole wake, hakuna hata mmoja aliyeonyesha alichokitengeneza. Na kukataa kufungua pakiti! Hapo ndipo ningeshtuka, maana ile mihuri ya kwenye video ilikuwa yake ya kazi, mihuri halisi, na karatasi iliyolia kama bati ilikuwa yake. Anajua kazi hii vizuri, huyo. Anajua kipi kizuri, anakitumia yeye, sisi anatuuzia takataka. Ndiyo maana nasema asisamehewe. Asiyejua nitamsamehe, huyu anajua kila kitu hadi namna ya kuinua muhuri bila kuutikisa.

Mwingine aliyeumizwa naye aje tuunganishe maelezo, tuende kwa pamoja. Jina lake siliweki hapa kabla ya polisi, ila ukiona kangaga kwenye kadi ya shukrani, rudi nyuma.

Visanduku vitano bado viko mezani, vitupu. Nitavimaliza kwa mpira wangu wa zamani, na wewe uliyenikumbusha siku ile "si wewe unasemaga tulipe nusu?", nikakujibu kwamba biashara nayo inataka utu, najua unasoma hapa. Usinipigie leo. Nipigie kesho.