Studs Terkel Radio Archive: anza na wafanyakazi, mastaa watakusubiri

Kama wewe ni mpenzi wa mahojiano marefu ya redio, yale ambayo mgeni anaachwa azungumze mpaka afike anakokwenda, ghala hili litakumaliza usiku mwingi. Ni vipindi vya mtangazaji mmoja tu, Studs Terkel, aliyeketi mbele ya maikrofoni ya WFMT, kituo cha redio cha Chicago, Marekani, kuanzia 1952 hadi 1997. Aliacha vipindi zaidi ya 5,000. Tangu Mei 2018 vimekuwa vikipandishwa mtandaoni, kusikiliza ni bure, na unaweza kutafuta kwa jina la mgeni au kwa mada.

Wengi huingilia mlango wa majina makubwa, na siwalaumu. Yumo Muhammad Ali, yumo Maya Angelou, yumo Bob Dylan wa 1963, bado kijana mbichi. Yumo pia Martin Luther King, aliyehojiwa 1964 nyumbani kwa mwimbaji Mahalia Jackson. Lakini mahojiano ninayoyarudia ni ya mwandishi James Baldwin, ya 1961. Terkel haanzi na swali. Anaweka santuri ya Bessie Smith, mwimbaji wa blues, anaiacha icheze, ndipo anamgeukia mgeni na kumuuliza anapousikia wimbo ule anahisi nini. Baldwin anatoka hapo moja kwa moja hadi Uswisi, milimani, alikojifungia na santuri za mama huyo akiandika riwaya yake ya kwanza na kuutafuta upya usemi wa utotoni aliokuwa ameukimbia. Watangazaji wetu wa "hebu tuelezee historia yako kwa ufupi" wakae chini wasikilize dakika hizo za mwanzo.

Sasa niseme linaloniudhi kidogo. Mbele ya mgeni maarufu, Terkel hugeuka shabiki. Kitabu cha mgeni amekisoma chote, amekipigia mistari, na anataka ijulikane hivyo. Anasoma aya nzima hewani, anadakia neno kabla mgeni hajalimaliza, anacheka kwanza. Maandalizi yake ni ya hali ya juu, hilo halina ubishi, ila kuna nyakati unatamani anyamaze tu.

Ananyamaza anapokuwa na watu wa kawaida, na hapo ndipo hana mpinzani.

Kanda alizorekodi kwa ajili ya Working, kitabu chake cha watu wakisimulia kazi zao kilichotoka 1974, zilikaa masandukuni kwa miongo mingi. Mwaka 2016 watayarishaji wa vipindi wa Radio Diaries na shirika la Project& walitengeneza vipindi kutokana na baadhi yake, na hivyo navyo vinasikilizwa mtandaoni. Yupo msichana wa kuunganisha simu anayeeleza kwamba kazini amepangiwa vijisentensi vichache tu vya kusema: mchana kutwa anasemeshana na watu na hakuna anayezungumza naye. Yupo mwegesha magari anayejigamba kwamba gari lolote analiingiza kwa mkono mmoja, usukani unazunguka mara moja tu, limekaa. Unasikia kabisa anavyotabasamu. Maswali ya Terkel hapa ni mafupi, mengine ni mguno tu. Hakuna kitabu cha kunukuu, basi anabaki na masikio yake.

Na masikio hayo aliyapata mapema. Wazazi wake waliendesha nyumba ya wageni hukohuko Chicago, akakua akisikiliza mabishano ya wapangaji. Baadaye alisoma sheria hadi shahada, asiifanyie kazi. Gari hakuwahi kujifunza kuendesha; alipanda basi na kupiga soga na abiria. Mwenyewe alipenda kusimulia habari za mama mmoja aliyemhoji kwenye nyumba za umma za maskini. Watoto wakaomba kusikia sauti ya mama yao, kanda ikarudishwa nyuma, na mama akajiziba mdomo kwa mshangao: hakuwa anajua kwamba ndivyo anavyojisikia. Kwangu mimi kisa hicho kinaeleza kazi yake kuliko tuzo ya Pulitzer aliyoipata 1985.

Kuhusu matumizi: yote ni kwa Kiingereza, na Kiingereza cha Terkel ni cha haraka, cha mitaa ya Chicago, maneno yanakanyagana. Sauti za zamani zina mikwaruzo, kwa hiyo vaa visikizi. Baadhi ya vipindi vina maandishi yake, na kama lugha hiyo inakupa tabu chagua hivyo kwanza, ufuatishe kwa macho huku unasikiliza. Usitegemee kuvisikiliza huku unafanya jambo lingine linalotaka akili. Nimejaribu, utajikuta unarudisha nyuma kila mara.

Ushauri wangu ni uanze na msichana wa simu na mwegesha magari, ni vifupi. Baldwin mwekee siku yenye saa nzima ambayo hakuna atakayekuita.