Huduma ya kusafisha ardhi yenye mafuta: nyota mbili kati ya tano

Mkandarasi alikuja na katapila jipya, vijana wenye sare na bango kubwa. Kwa macho, kazi inavutia. Walichimba udongo mweusi, wakautandaza, wakautia mbolea na kuugeuzageuza ili bakteria waule mafuta. Mbinu hiyo siipingi, inafanya kazi kweli.

Shida ni vipimo. Sampuli walichukua wenyewe, kina cha jembe tu, na matokeo eti "yako ofisini". Jamani! Ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya 2011 kuhusu Ogoniland, Nigeria, ilikuta mafuta yameshuka mita 5 au zaidi katika maeneo 49, na visima vya jamii ya Nisisioken Ogale, huko huko, vilikuwa na benzini, kemikali ya saratani, zaidi ya mara 900 ya kiwango cha WHO. Kisima chetu hata hawakukifunua.

Tulikaa getini siku tatu mpaka wakakubali kila sampuli igawanywe: nusu yao, nusu yetu, maabara mbili tofauti. Nyota ya kwanza ni ya mbolea. Ya pili nampa mwendesha katapila, aliyetuonyesha kimyakimya walikofukia udongo ambao haujasafishwa.