Kumchukua paka wa Kiajemi kituoni: huduma niliyoipata Unguja

Mwezi wa Januari, kaskazi ikiwa imepamba moto, nilimchukua paka wa Kiajemi kutoka katika kituo kimoja cha kuokolea wanyama nje kidogo ya mji. Sasa ameshatimiza miezi minane nyumbani kwangu Mkunazini, na nadhani huo ni muda wa kutosha kuieleza huduma hiyo kwa uadilifu. Jina la kituo silitaji, kwa sababu yapo niliyoyalalamikia, na sipendi malalamiko yangu yawapunguzie misaada watu wanaofanya kazi ngumu kwa nyenzo chache.

Paka mwenyewe ni dume mwenye rangi ya haluwa iliyoiva, na hilo ndilo jina tulilompa. Mgeni aliyekuwa akimfuga alimaliza mkataba wake wa kazi akaondoka, akamwachia mlinzi wa nyumba ambaye hakuachiwa kitana wala maelekezo. Mlinzi alimlisha vizuri, lakini alipofikishwa kituoni manyoya ya tumboni na nyuma ya mapaja yalikuwa yamesokotana yakawa kama mkeka mgumu ulioivuta ngozi, na chini yake mlikuwa na vidonda. Ilibidi alazwe kwa dawa ndipo anyolewe. Siku niliyomwona mara ya kwanza alikuwa na kichwa kikubwa chenye manyoya tele juu ya kiwiliwili kitupu, naye alijibanza pembeni mwa kizimba asitake kuguswa na mtu.

Nilitaraji kwamba ningetoa mchango wangu na kuondoka naye siku hiyo hiyo. Haikuwa hivyo. Kijana aliyenipokea alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza: "Mwalimu, nyumbani kwako ni nani atakayemchana?" Nikamjibu kwamba tupo watu watano. Akasema, "Watano ni sawa na hakuna, nitajie mmoja." Nakiri kwamba nilikereka, kwani nimefundisha skuli kwa miaka mingi na sikuzoea kuulizwa hivyo na kijana wa umri wa wanangu. Lakini leo naliona swali lile kuwa ndilo jambo bora kabisa katika huduma yao yote. Manyoya ya paka huyu ni ya tabaka mbili, marefu juu na laini chini, na hayo laini ndiyo yanayoshikana. Ukipitisha siku tatu tu bila ya kitana, na hasa wakati wa masika ambapo hewa ina unyevunyevu, utakuta mafundo makwapani na nyuma ya masikio. Basi nikajitaja mimi mwenyewe, wakaandika jina langu katika fomu, na juma lililofuata wakaja wawili kuikagua nyumba. Walitazama ua, madirisha ya ghorofani na mahali ambapo angelala, wakanishauri nimtengee chumba cha chini chenye sakafu ya saruji, kwa kuwa nyumba zetu za mawe huhifadhi ubaridi chini kuliko juu. Ushauri huo umemfaa sana. Mchana wa joto hujinyoosha pale sakafuni na hatoki mpaka alasiri.

Sharti lao jingine ni kwamba hakuna paka anayetoka kituoni kabla ya kuhasiwa au kufungwa kizazi na kuchanjwa, pamoja na chanjo ya kichaa cha mbwa. Ndugu yangu mmoja alilalamika kwamba nimeipoteza faida, maana angezalishwa na paka wetu wa mitaani na watoto wangeuzwa. Si kweli. Sifa ya manyoya marefu hurithiwa kwa pande zote mbili, na mtoto aliyeipata kwa baba peke yake huzaliwa na manyoya mafupi kama mamaye. Watoto kama hao ndio wanaokosa wanunuzi, na sote tunajua paka wangapi wasio na mwenyewe wanazunguka Darajani wakingoja vichwa vya samaki. Kwetu paka ana heshima yake. Hadithi ya Mtume aliyoipokea Abu Qatada inatufundisha kwamba si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Sioni heshima katika kumzalisha kwa ajili ya bei kisha kumtupa sokoni.

Maelezo ya malezi niliyopewa yalikuwa mazuri kwa sehemu kubwa. Waliniambia samaki awe amechemshwa na asiwe chakula cha kila siku, kwa sababu baadhi ya samaki wabichi huharibu vitamini B1 mwilini mwa paka, na wakanihimiza nichanganye na moyo wa kuku. Walinionya pia nisimtie dawa ya viroboto ya mbwa, kwani zile zenye permethrini huweza kumuua paka. Onyo hilo pekee lina thamani kuliko mchango niliotoa.

Upungufu nilioukuta ni wa aina mbili, na wa kwanza ulikaribia kumgharimu Haluwa maisha yake. Nilikabidhiwa saa saba mchana, akiwa ndani ya boksi la kadibodi lenye matundu manne madogo. Paka wa Kiajemi ana uso bapa na njia fupi ya pua, kwa hiyo hupumua kwa taabu kuliko paka wengine, na joto humzidi haraka. Tulipofika Amani alikuwa amefungua mdomo akihema kama mbwa, jambo ambalo kwa paka ni dalili ya hatari. Niliteremka kwenye daladala, nikaingia katika duka la mtu nisiyemjua, nikamlowesha miguu na masikio kwa maji ya baridi kiasi mbele ya feni mpaka akatulia. Watu waliojua kunishauri kuhusu sakafu walipaswa kujua kwamba mnyama huyu husafirishwa alfajiri.

La pili ni figo. Wanyama wa nasaba hii wana ugonjwa wa kurithi unaoota vifuko vya maji ndani ya figo na kuvikuza kwa miaka, na mzazi mmoja mwenye ugonjwa anatosha kumrithisha mtoto. Jeni inayousababisha ilitambuliwa mwaka 2004, na kabla ya hapo uchunguzi uliofanywa Uingereza na Australia ulikuta ugonjwa huo kwa karibu nusu ya paka wa Kiajemi waliopimwa. Hugunduliwa kwa picha ya mawimbi ya sauti au kwa kipimo cha jeni. Sikutaraji kituo chenye fedha chache kimpime kila paka, nilitaraji niambiwe. Nilikuja kuyajua kwa daktari wa mifugo niliyempelekea Haluwa kwa sababu ya machozi yanayomchirizika, ambayo kituoni walisema ni mafua, kumbe ni umbo la uso wake tu, na dawa yake ni pamba na maji ya vuguvugu kila asubuhi.

Niliwaandikia barua nikaeleza yote mawili. Mwezi wa Juni nilipokwenda kuwapelekea mashuka ya zamani, niliona makapu ya ukindu yenye vifuniko yamepangwa karibu na mlango, na kijana yule yule akanieleza kwamba sasa hakuna anayekabidhiwa paka baada ya saa mbili asubuhi. Karatasi ya maelezo wanayowapa wanaochukua paka wa Kiajemi bado haina hata neno moja kuhusu figo.